Bibi harusi, anza na pazia la chumbani



Mie ni fundi wa mapazia. Nilimaliza skuli ya sekondari, nikaingia kwenye kozi ya ushoni, nikaanza kwa madera na sare za skuli, mpaka riziki ikanipeleka kwenye mapazia. Wateja wangu wengi ni mabibi harusi na mama zao. Basi leo naomba niseme jambo ambalo kwa biashara yangu lingekuwa bora nilinyamazie: pesa nyingi tunazotia kwenye mapazia tunazitia pahala sipo. Tunapamba ukumbi wa wageni na tunakiacha chumba chetu wazi.

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana si vizuri kunyooshea watu kidole na chako umekificha.

Miaka michache nyuma alinijia bibi harusi pamoja na mama yake. Nyumba waliyopanga ilikuwa ya chini, vyumba viwili na ukumbi, dirisha la chumba cha kulala likitazama njia. Mama akataka ukumbi uwe na mahameli ya rangi ya dhahabu, marinda mazito, mkanda wa juu wenye shada, na shia nyeupe nyuma yake. Tukapiga hesabu, pesa karibu zote zikaishia ukumbini. Kilichobaki hakikutosha kitambaa kizito cha chumbani. Mama akasema, "Chumbani tia shia tu mwanangu, nani anaingia huko?"

Nilijua jibu. Mwalimu wetu wa ushoni alitufundisha wiki ya kwanza kabisa ya mapazia kwamba neti ni ya mchana, usiku haina kazi. Lakini oda ilikuwa kubwa, mama alikuwa na haraka, na mie nilikuwa na kodi ya duka. Nikashona shia, nikatundika, nikapokea pesa yangu.

Miezi mitatu baadae yule binti akaja dukani peke yake. Alikaa kwenye kibao akangoja wateja watoke, kisha akaniambia, "Dada, jirani yangu bibi mmoja mtu mzima kaniletea vitumbua jana. Kabla hajaondoka akaniinamia sikioni, akasema, 'Mjukuu wangu, ukiwasha taa usiku tunakuona.'"

Hakusema "nakuona". Alisema "tunakuona". Njia ile wanaume hupita wakitoka msikitini baada ya Isha, na barazani mwa nyumba ya mbele vijana hukaa mpaka saa nne. Binti akaanza kulia. Akanambia tangu jana amelala na mtandio kichwani, na joto lile la mwezi wa pili, na hata kubadilisha nguo kaenda kubadilishia chooni. Nyumbani kwake mwenyewe, ndani ya ndoa yake.

Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Mie ndiye niliyejua, yeye hakujua. Siku ile ile nilifunga duka, nikachukua kitambaa kizito na bitana, nikamshonea bila ya malipo. Lakini miezi mitatu haishoneki tena.

Kwa nini shia hudanganya

Jambo lenyewe ni jepesi. Jicho huona penye mwanga. Mchana nje kuna jua kali na ndani kuna kivuli. Shia nyeupe inapigwa na mwanga wa nje, inang'aa, aliye njiani haoni kitu, na wewe ndani unamuona yeye vizuri. Unafurahi, unasema pazia langu zuri. Jua likizama mambo yanageuka. Nje kiza, ndani taa. Sasa wewe ndiye uliyeko jukwaani, na hujui, kwa sababu ukitazama dirishani unaona kiza tu na unadhani kiza kinakustiri.

Vioo vya giza na zile karatasi zinazong'aa kama kioo cha kujitazamia ni hadithi hiyo hiyo. Fundi wa aluminiamu atakwambia, "Huyu wa nje hakuoni." Kweli, mchana. Usiku, taa ikiwaka, vinageuka. Na kioo cha ukungu cha bafuni kinaficha sura, lakini ukisimama karibu nacho taa ikiwa nyuma yako, umbo lako linajichora pale kama kivuli ukutani.

Sasa fikirini. Katika Suratun-Nur, aya ya 58, Mwenyezi Mungu ametufundisha nyakati tatu ambazo hata watoto wetu wadogo na watumishi wa ndani waombe ruhusa kabla hawajatuingilia: kabla ya sala ya Alfajiri, wakati wa adhuhuri tunapopunguza nguo kwa joto, na baada ya sala ya Isha. Nyakati hizo zimeitwa za faragha. Nilikuwa nikiisoma aya hii tangu chuoni, lakini sikuwahi kuisoma kwa jicho la fundi wa mapazia mpaka yaliponifika yale.

Mbili kati ya nyakati hizo tatu, nje ni kiza na ndani taa inawaka. Ndizo saa ambazo shia haina kazi. Na ile ya tatu, adhuhuri, ndiyo saa tunayofungua madirisha yote na kuyasukuma mapazia pembeni tupate upepo. Yaani tumejifunza kumwambia mtoto wa miaka saba apige hodi, na huku dirisha linamkaribisha kila apitaye njia. Na mnajua mafundisho ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba hodi yenyewe imewekwa kwa ajili ya jicho. Kama ni hivyo, pazia ni hodi ya dirisha.

Mwenye kutazama naye ana lake

Najua kuna dada atakayesema, mbona mzigo tunabebeshwa sisi? Wanaume nao wameamrishwa wainamishe macho. Ni kweli, na katika sura hiyo hiyo wanaume wameanza kuambiwa wao kabla yetu. Kijana anayekaa barazani kutazama dirisha la watu ana hesabu yake mbele ya Mola wake, na pazia langu halimfutii.

Lakini mie sizungumzii aibu ya wanawake. Nazungumzia raha yao. Ndani ya nyumba ndimo pahala pekee ambapo mwanamke aliyejistiri siku nzima anavua buibui, anaacha nywele zipate hewa, anamchezea mumewe, ananyonyesha bila ya kujifunika. Raha hiyo ni haki yake. Dirisha bovu linamnyang'anya. Yule binti hakupoteza heshima yake. Heshima yake iko pale pale. Alichopoteza ni nyumba. Alikuwa na kuta nne na hana pa kujiachia.

Na tusisahau, pazia humlinda jirani na sisi pia. Ukikaa ghorofani ukaachia madirisha wazi, wewe ndiye uliye juu ya ua wa mwenzio. Anaanika nguo zake, anaoga mtoto wake, na wewe unamuona.

Wazee wetu walijua

Nendeni Mji Mkongwe mkatazame madirisha ya nyumba za zamani. Mabawa ya mbao, yenye mbao ndogo ndogo zilizolalia nje. Mvua inateleza, upepo unaingia, na aliye dirisha la mbele juu yako haoni ndani, na aliye chini njiani akiinua macho anaona dari. Unafunga bawa la chini, unafungua la juu: mwanga unaingia kwa juu, kichwa chako hakionekani. Nyumba nyingi za wenye nafasi zilikuwa na ua katikati, na maisha ya wanawake yakawa yanautazama ua, si njia.

Sisi tumeng'oa mabawa, tumetia aluminiamu na kioo kutoka chini mpaka juu, kisha tunatafuta kitambaa kifanye kazi ya mbao, ya ukuta na ya ua. Kitambaa kinaweza kufanya mengi, lakini si yote.

Wanaokumbuka kiza cha mwisho wa 2009 hadi mapema 2010, umeme ulipokatika Unguja kwa miezi kama mitatu, wanajua nini nasema. Feni hakuna, kipupwe hakuna. Wenye mabawa ya mbao walilala madirisha wazi na wamestirika. Wenye vioo walichagua: ama joto, ama macho ya watu.

Kwa hiyo dada unayejenga, au mumeo anajenga, usingoje nyumba iishe ndipo uniite. Sema neno wakati wa msingi. Dirisha la chumbani lisitazamane na baraza la jirani. La bafuni liwe dogo na la juu. Hata sehemu moja ya dirisha ikiwa ya mbao za kulalia, utanishukuru. Pazia linalopangwa mwisho huwa linasahihisha makosa ya watu wote waliotangulia.

Sitara si kiza

Hapa nataka kupingana na upande wa pili. Kuna nyumba naingia kupima, saa tano za asubuhi, nakuta taa zinawaka. Mapazia ya rangi ya kahawia yamefungwa tangu jana, yamegandishwa kwa pini, harufu ya ukungu imejaa, mama anasema anajistiri. Dada yangu, hiyo si sitara, hiyo ni kujizika. Dini haikututaka tukae kizani. Nyumba inataka jua na upepo, hasa masika, vinginevyo magodoro na mabegi yote yataota ukungu. Anayejifungia hivyo mara nyingi si mcha Mungu kuliko mwenzake. Ni kwamba pazia alilonalo lina kazi mbili tu, wazi kabisa au kufunga kabisa, na hakuna aliyemwambia kuna la kati.

La kati lipo, na si ghali. Haya ndiyo ninayowaambia wateja wangu.

Chumbani tia tabaka mbili. Shia kwa mchana, na kitambaa kizito chenye bitana kwa usiku. Kila kimoja kiwe na bomba lake, usivitundike bomba moja. Magharibi ikiadhiniwa, kabla hujawasha taa, vuta kizito. Fanya iwe desturi ya nyumba: adhana, pazia, taa. Watoto wangu wanaijua na wananikumbusha.

Jikoni na kwenye dirisha la chini linalotazama njia, tia nusu pazia. Linaanzia katikati ya dirisha kuteremka chini, juu kunabaki wazi. Apitaye haoni, na wewe unapata mwanga na upepo. Ila kama mbele yako kuna ghorofa, nusu pazia halitakusaidia, maana aliye juu anaona kwa juu. Na jikoni liwe mbali na moto wa gesi, tena lisiwe la nailoni.

Dirisha la magharibi ndilo adui wa joto. Huku kwetu, tukiwa karibu nyuzi 6 kusini ya ikweta, jua hupita juu ya vichwa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa mwezi wa tatu na mwanzoni mwa mwezi wa kumi. Katikati ya mwaka hulalia kaskazini, mwisho wa mwaka hulalia kusini. Lakini dirisha la magharibi hupigwa kila alasiri, mwaka mzima. Hapo pazia la rangi iliyoiva bila ya bitana ni kupoteza pesa: linanyonya joto na linapauka. Bitana iwe nyeupe, itazame nje, irudishe jua lilikotoka. Na ujue pazia la ndani linazuia mwanga, lakini joto limeshapita kioo. Kinachozuia joto barabara ni kile kilichoko nje: kipaa cha dirisha, bawa la mbao, mti. Panda mti, dada. Haushonwi, haufuliwi.

Upana wa kitambaa uwe mara 2 ya upana wa dirisha, ili marinda yajae. Kitambaa kilichonyooka bapa ukikivuta kinaacha mwanya. Bomba lizidi dirisha kwa inchi 6 hadi 8 kila upande, kwa sababu watu hawachungulii kupitia kitambaa, wanachungulia pembeni. Pindo la chini liwe la inchi 4 na lenye uzito ndani, maana kaskazi ikivuma pazia jepesi hupaa kama tiara. Kitambaa cha pamba kitie maji kabla hakijashonwa, kisije kikapanda juu kama suruali ya mtoto baada ya kufuliwa mara ya kwanza. Karibu na bahari usitie bomba la chuma, chumvi italila na kutu itaingia kwenye ringi. Na kama unapenda blaindi za kamba, kamba ifungwe juu wasipofika watoto. Kamba inayoning'inia humnyonga mtoto mdogo.

Kuhusu mapambo, nakumbusha tu. Hadithi ya pazia la Mama Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, lililokuwa na picha, ambalo Mtume hakupendezewa nalo na likakatwa likafanywa mito, imo katika Bukhari na Muslim. Mie si mwanachuoni, waulizeni masheikh wenu. Lakini vitambaa vya maua na mistari viko tele sokoni. Sioni kwa nini bibi harusi aanze maisha kwa kitu chenye maneno.

Jaribio la usiku

Kabla hujanunua, washa tochi ya simu, weka vidole vyako mbele yake, kisha kitambaa mbele ya vidole. Ukiweza kuvihesabu, kitambaa hicho si cha chumbani usiku.

Na baada ya kutundika, fanya hili bila ya kuona haya. Ngoja iingie Isha. Mwambie dada yako au wifi yako avae dera lake na mtandio, abaki chumbani, awashe taa, atembee, akae kitandani, asimame karibu na dirisha. Wewe vaa vizuri, toka nje na mumeo, simameni njiani pale watu wanapopita, kisha barazani mbele, kisha kama unaweza panda ghorofa ya jirani. Tazama. Utaona kile wanachokiona wengine. Ukiona kivuli kinatembea, usikimbilie kununua pazia jengine. Kwanza hamisha taa. Taa ikiwa upande wa dirisha, wewe huwi kati yake na pazia, na kivuli chako kinakwenda ukuta wa ndani.

Dakika kumi tu. Yule binti angefanya hivyo usiku wake wa kwanza katika nyumba ile, asingengoja kuambiwa na jirani. Na mie ningemwambia, wala asingelazimika.

Kwa mama wa bibi harusi, na kwa mafundi wenzangu

Mama zangu, nawaelewa. Wageni watakuja kutazama, wifi watapiga picha, na ukumbi ndio unaosemwa mitaani. Lakini watu hao watakaa saa mbili, wale biriani, waondoke. Binti yenu ndiye atakayelala kule. Mahameli ya dhahabu inaweza kungoja Iddi ya mwaka ujao. Na mashoga mnaochangishana zawadi, badala ya seti ya sita ya vikombe, changeni mumtilie mwenzenu bitana chumbani. Hakuna atakayeiona, na kila usiku atawaombea dua.

Na nyinyi wenzangu wa cherehani, mnisamehe. Najua wapo wanaosema nawafukuzia wateja. Siku hizi siandiki oda ya ukumbi wa bibi harusi mpaka nimepima chumba kwanza, na kama pesa haitoshi vyote viwili, namwambia ukweli. Wapo walioondoka wakaenda duka la pili. Wapo waliorudi. Lakini mteja hajui kitambaa, sisi ndio tunaojua. Anatuamini na dirisha la chumba chake cha kulala. Hiyo ni amana, na amana ina kuulizwa.

Binti yangu wa shia bado ni mteja wangu. Juzi alikuja na mtoto wake wa pili mgongoni, anataka pazia la chumba cha watoto. Alipofika mlangoni, kabla ya salamu kwisha, akacheka akasema, "Dada, hili nishalipiga tochi."

Mwenyezi Mungu azistiri nyumba zetu, azijaze mapenzi na rehema, na atustiri duniani na akhera. Amin.

Wabillahi tawfiq.